Hotuba juu ya Mwalimu wa Falsafa, Souleymane Bachir Diagne



Neno falsafa huwatia hofu wazazi wengi. Hudhaniwa ya kuwa kijana akiisoma, hatakawia kuiacha sala. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa kuwa mzazi huogopa kupotelewa na mtoto. Bali yafaa ipimwe kwa maisha ya mtu. Mfano mwema ni Souleymane Bachir Diagne wa Senegali.

Mwalimu huyu alizaliwa mwaka 1955 katika mji wa Saint-Louis, penye mlango wa mto Senegali, katika jamaa ya Kiislamu. Alisoma Paris, na mwaka 1982 akarejea kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dakar, ambako alidumu miaka ipatayo 20. Kisha alikwenda Marekani, na mwaka 2008 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Taaluma yake ya kwanza ilikuwa mantiki. Alitunga kitabu juu ya George Boole, Mwingereza aliyeonyesha mwaka 1854 ya kuwa hoja za akili zaweza kuandikwa kwa alama kama za hesabu. Juu ya msingi huo hufanya kazi kompyuta za leo.

Lakini baada ya mapinduzi ya Irani ya mwaka 1979, maswali juu ya Uislamu yalizidi. Diagne alianzisha Dakar somo la historia ya falsafa katika Uislamu, ili vijana wapate kuwajua Ibn Sina, Ghazali na Ibn Rushd. Mwaka 2001 alitoa kitabu juu ya Muhammad Iqbal wa Lahore, ambaye aliiona ijtihadi kuwa ndiyo nguvu iendeshayo Uislamu. Fikira kuu ya kitabu hicho ni kwamba uaminifu na mwendo havigombani: ashikaye asili yake barabara ndiye awezaye kusonga mbele.

Jambo jingine limpendezalo ni lugha. Katika karne ya 10, huko Baghdad, Sirafi mwanachuoni wa nahau alijadiliana na Matta mwanamantiki. Matta alisema mantiki ni mizani ya watu wote. Sirafi akajibu ya kuwa mizani hiyo imetoka katika lugha ya Wayunani. Diagne ameulinganisha mjadala huo na kazi ya Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye mwaka 1956 alitafuta falsafa ndani ya Kinyarwanda. Kwa Diagne, hakuna lugha moja iliyopewa akili peke yake. Na tarjuma ni ukarimu, lugha kuikaribisha nyingine kama mgeni wa heshima.

Pia hukumbusha juu ya hati za Timbuktu. Wanachuoni wa huko walisoma mantiki pamoja na fiqhi, wala hawakuona haya. Basi asemaye ya kuwa Mwafrika hakuwa na maandiko, hati hizo zamkanusha.

Hadhirina, mzazi na achague. Maswali yatamfikia kijana vyovyote vile, shuleni au njiani. Akiyakuta bila elimu, yatamshinda; akiyakuta na mwalimu mwaminifu, yatamwongezea imani.