Mtoto Mgeni na Kishikwambi: Mada kwa Semina ya Walimu na Wazazi Wasemao Kiswahili, Sydney

Nimetakiwa nizungumze juu ya matumizi ya busara ya teknolojia darasani, nami kabla ya yote sina budi kueleza kwamba rai nitakazozitoa ni zangu mwenyewe, wala si kauli ya Idara ya Elimu ya New South Wales wala ya skuli yoyote.

Maana ya teknolojia haihitaji sherehe ndefu mbele ya hadhara hii. Chaki ni teknolojia, na redio, na kishikwambi, na akili mnemba iliyotufikia juzi. Na matumizi ya busara ni yale yanayotanguliza muradi wa somo mbele ya chombo. Historia nayo tuipitie upesi. Mwaka 2009 skuli za serikali za jimbo hili zilianza kuwagawia wanafunzi wa darasa la tisa kompyuta ndogo kwa fedha za mpango wa serikali ya Kevin Rudd, Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, na fedha hizo zilipokoma mwaka 2013, skuli nyingi ziliwataka wazazi wanunue wenyewe. Simu zilipigwa marufuku katika skuli za msingi mwaka 2020, na katika sekondari muhula wa mwisho wa 2023. Programu ya ChatGPT ilizuiwa na Idara ya Elimu mwanzoni mwa 2023, na mwaka uliofuata Idara iyo hiyo ikaanza kujaribu chombo chake, NSWEduChat, kilichoundwa kimuulize mwanafunzi maswali ya kumwongoza badala ya kumpa jawabu. Hayo yana wataalamu wake, nami sitayarefusha.

Ninalotaka kulisema kwa wasaa ni habari ya mtoto mgeni anayekalishwa pembeni akapewa kishikwambi.

Mtoto huyo aghalabu amelelewa katika kambi ya wakimbizi, Nyarugusu mkoani Kigoma au Nakivale nchini Uganda, na wazazi wake wametoka Uvira, Fizi au Bukavu, mashariki mwa Kongo. Akiwa na umri wa sekondari, huanzia katika vituo vya Kiingereza vya wageni, kama vile Evans kule Blacktown au Chester Hill, ambako walimu wanaijua kazi yao. Walakini aliye mdogo huingia moja kwa moja katika darasa la kawaida, na hata yule wa sekondari, muda wake kituoni ukiisha, hufika huko huko: kwa mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wengi, ampendaye kwa dhati, lakini asiye na neno hata moja la kushirikiana naye. Mwalimu huyo hufanya lililo karibu na mkono wake. Humpa kishikwambi chenye programu ya tarjumani, akamvisha vipokea sauti, na darasa likatulia.

Utulivu huo ndio nilioupinga kwa miaka mingi. Kwanza, tarjumani ya mashine huandika Kiswahili sanifu, ilhali mtoto wa Uvira ana Kiswahili chake cha Kongo, na huko kambini Nyarugusu amesoma kwa mtaala wa Kongo, ambao lugha yake ya masomo ni Kifaransa. Wako hata wasiojua kabisa kusoma Kiswahili, kwa kuwa hapana aliyepata kuwafundisha. Mtu akimwekea mtoto wa namna hii ukurasa uliotafsiriwa, amempa herufi za lugha yake asizoweza kuzisoma pahali pa herufi za lugha ya kigeni asizoweza kuzisoma, kisha akaandika katika ripoti kwamba amesaidiwa.

Pili, Profesa John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales, hapa hapa Sydney, alibainisha tangu miaka ya 1980 kwamba akili ya mwanadamu inapopokea jambo jipya ina nafasi finyu mno, na kwamba mwanafunzi anayelazimika kuunganisha maelezo yaliyotawanyika huitumia nafasi hiyo katika kuyatafuta, isibaki ya kujifunzia. Sasa mtazameni mtoto wetu: jicho moja ubaoni, jingine katika kitabu, kisha arudi kwenye kioo kutafuta tafsiri, na wakati huo mwalimu amekwisha pita. Idara yenyewe ilichapisha waraka juu ya nadharia hii mwaka 2017 ili walimu waisome. Imesomwa kwa hesabu na sayansi. Kwa mtoto mgeni, ambaye mzigo wake ni maradufu, naona haijasomwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtoto huyo hasemi. Nchi hii ilipofungua skuli ya hewani kule Alice Springs mwaka 1951, na nyingine Broken Hill mwaka 1956, redio iliyotumika ilikuwa ya kupokea na kutuma, hata mtoto wa shamba la mbali aliweza kumjibu mwalimu kwa sauti yake na wenzake wakamsikia. Chombo kilikuwa duni, lakini kilimpa mtoto ulimi. Leo chombo ni bora mara elfu, nasi tunakitumia kumziba masikio mtoto aliyekaa hatua mbili kutoka kwa wenzake. Nimeyasema haya katika vikao vingi, na jawabu nililopewa aghalabu ni programu mpya.

Sitaki nidhaniwe adui wa mashine. Nchini Kenya, katika mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma, ulioanza mwaka 2015, vishikwambi walipewa maofisa wanaozuru madarasa kuwaongoza walimu, na mtoto akapewa kitabu mkononi; huo ni uamuzi wa watu waliojiuliza kwanza ni nani hasa anayehitaji msaada.

Mapendekezo yangu ni haya. Kabla mtoto hajapewa tafsiri yoyote, aulizwe yeye na mzazi wake anasema lugha gani na anasoma lugha gani, kwani ni mambo mawili mbalimbali. Tafsiri itolewe kabla ya somo, mtoto aipitie kwa utulivu, ili wakati wa somo macho yake yawe pahali pamoja. Vipokea sauti visivaliwe wakati wa mafundisho ya darasa zima. Kishikwambi kitumike kurekodi: mtoto asimulie kwa Kiswahili chake, ajisikilize, kisha asimulie tena kwa Kiingereza akiwa na mwenzake. Saa za wasaidizi wajuao lugha mbili ziongezwe, wala zisikatwe kwa hoja kwamba programu imenunuliwa. Skuli inayomtaka mzazi anunue kompyuta imwazime asiyeweza, bila kumtahayarisha. Madarasa yetu ya Kiswahili ya Jumamosi yafundishe kusoma, kwani bila hivyo tafsiri haina msomaji. Tena narudia, maana hili husahauliwa likishasemwa: mtoto asikalishwe peke yake na mashine, na kila siku ya skuli apate kusema mbele ya wenzake, ijapokuwa sentensi moja. Mitihani ya HSC, ile ya kumaliza sekondari, haimruhusu mtu kuingia na tarjumani ya mashine, na aliyelelewa juu ya chombo hicho ataachwa mlangoni.

Kwenu wazazi nina ombi. Mkiitwa skuli, msikubali mtoto wenu awe mkalimani wenu, wala msitosheke na ujumbe uliotafsiriwa na simu. Ombeni mkalimani, skuli za serikali huwapatia wazazi bila malipo, na simu ya huduma ya taifa ya ukalimani ni 131 450. Akishafika, muulizeni mwalimu, kwa adabu na bila woga, mtoto wangu anakaa na nani darasani, na husema wakati gani.