Uchovu wa Mionzi: Uji Kwanza, Vidonge Baadaye

Leo tuongee juu ya mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi, au kama wengi wetu tunavyosema, anayechomwa.

Hapa Shauri Moyo utamwona alfajiri akingoja matatu ya kwenda Kenyatta, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Mwanzoni anajiweza. Ikifika wiki ya pili au ya tatu, akirudi anaanguka kitandani, hata chapati haitaki. Jamani, huo si uvivu, wala si lazima iwe ugonjwa umezidi. Mwili una kazi ya kujijenga upya pale palipopigwa mionzi, na uchovu huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya matibabu kuisha.

Hapo ndipo wauza vidonge hujitokeza. Mama mmoja mtaani alinionyesha kopo la "kurudisha nguvu", lililonunuliwa kwa pesa za nauli. Mgonjwa wake alikosa mionzi siku mbili. Niliumia sana. Na vitamini nyingi zaweza kudhuru: huko Canada walifuatiliwa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo, na matokeo ya mwaka 2005 yakaonyesha kwamba waliopewa vitamini E walipata saratani mpya zaidi ya wenzao katika kipindi walichokuwa wakiimeza. Dawa ya kuongeza damu nayo usinunue kwa kukisia. Omba damu ipimwe kwanza. Ikiwa imepungua, daktari atajua la kufanya.

Chakula mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Uji wa wimbi wenye maziwa na njugu zilizosagwa, yai, ndengu, omena, au nyama ya Burma iliyochemshwa ikalainika. Akiwa anaharisha, punguza kwanza njugu, ndengu na mboga nyingi. Yale maziwa ya kopo ya kuongeza lishe wengine huyahitaji kweli, hasa asiyeweza kumeza au anayekonda haraka, lakini mtaalamu wa lishe wa kliniki ndiye aamue.

Usimlaze kutwa nzima. Tembea naye pole pole hadi langoni na kurudi. Akipata homa, au akihema hata ameketi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kesho jaza thamosi ya uji aondoke nayo, maana foleni ni ndefu. Na kama tayari mna kopo au mitishamba nyumbani, mtilie mfukoni amwonyeshe nesi kabla ya kumeza tena.