Zaidi ya Kugonga Muhuri: Afisa wa Uhamiaji na Mwombaji Asiye na Karatasi

Mada hii inahusu meza moja tu katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa: ile ambayo mwombaji wa pasipoti huketi mbele yake na kuulizwa yeye ni nani. Dar es Salaam swali hilo mara nyingi hujibiwa na vyeti kabla mwombaji hajafungua kinywa. Kigoma, Kagera au Songwe linaweza kula asubuhi nzima.

Tanzania imepakana na nchi nane, na mipaka hiyo ilichorwa na wakoloni bila kuwauliza waliokuwa wakiishi hapo. Wamasai wako pande zote mbili za Namanga. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, upande wa Zambia. Wamakonde wametenganishwa na Mto Ruvuma. Kigoma ndiko hasa afisa anakotoka jasho, kwa sababu Kiha na Kirundi zinasikilizana kiasi kwamba Muha na Mrundi huweza kupiga soga tangu alfajiri hadi jua kuchwa bila mkalimani. Afisa aliyekulia Tanga akapangiwa kazi Kasulu hana sikio la kuwatofautisha. Hata mwenzake aliyezaliwa hapo hapo Kasulu hapaswi kulitegemea sikio lake, maana sheria ya uraia haisemi lolote kuhusu lafudhi.

Chukua mfano wa bibi wa Kasulu mwenye miaka 65 anayetaka kumfuata binti yake aliyejifungua Muscat. Anatakiwa awe na kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa na ushahidi wa uraia wa mzazi wake. Lakini alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, na baba yake alifariki kabla familia haijahamia kijiji cha ujamaa. Mkononi ana kiapo alichokula mbele ya wakili na barua ya mtendaji wa kijiji iliyokunjwa mara nne. Afisa huanza kuuliza taratibu. Mzee alizikwa wapi? Balozi wa nyumba kumi alikuwa nani? Shule ilikuwa upande gani wa mto? Bibi akikosea mwaka, afisa mzoefu hashtuki, kwa kuwa mtu ambaye miaka yake haikuandikwa popote huihesabu kwa njaa, mvua na vifo. Afisa mgeni kazini huona uongo pale pale.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Afisa akikubali kwa pupa, huenda amempa pasipoti ya Tanzania mtu asiyestahili, na jina la afisa huyo litabaki kwenye faili. Akikataa kwa pupa, amemvua mwananchi uraia wake kwa mdomo tu, na bibi atarudi kijijini akiwa mgeni kwenye ardhi alikozika wazazi wake.

Historia inaonyesha karatasi inavyoweza kumchelewesha binadamu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakazaa, wakazika. Mwishoni mwa muongo wa 2000 serikali iliwapa nafasi ya kuomba uraia, na zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa wakimbizi wengi kiasi hicho. Hata hivyo, vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Katika miaka ile ya kusubiri, kijana wa Ulyankulu aliyetaka kusafiri alikuwa ameambiwa kwamba amekubaliwa, lakini hakuwa na kipande cha karatasi cha kumwonyesha afisa. Ni vigumu kufikiria dirisha gumu kuliko hilo, kwa pande zote mbili za kioo.

Mitambo imesaidia, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, fomu hujazwa mtandaoni na malipo hufanywa kwa namba maalumu kupitia benki au simu. Fedha haipiti tena mkononi mwa afisa, na vishoka wanaozunguka nje ya geti wamepungukiwa na la kuuza. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichofunguliwa Desemba 2018, kimewaketisha maafisa wa Kenya na Tanzania chini ya paa moja, ili msafiri apange foleni kwenye jengo moja badala ya mawili. Ila mfumo haujui kumhoji bibi.

Wala haujui Kiamhari. Vijana wa Ethiopia wanaopita nchini wakielekea Afrika Kusini hufika mbele ya afisa wakiwa wamechoka, wana njaa, na hawajui Kiswahili. Juni 2012, zaidi ya 40 kati ya wasafiri wa aina hiyo walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Afisa anayempokea aliyenusurika safari kama hiyo anapaswa kupambanua kama aliye mbele yake amevunja sheria ya uhamiaji, au ni mhanga anayelindwa na sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kuyapambanua hayo kwa ishara za mikono haiwezekani.

Kwa hiyo mapendekezo ya mada hii ni ya kawaida kabisa. Ofisi za mikoa ya mpakani zipatiwe chumba cha mahojiano chenye mlango, kwa sababu hakuna mama atakayeeleza alivyozaliwa nje ya ndoa mbele ya foleni ya watu 30. Ziwe na orodha ya wakalimani wanaoweza kupigiwa simu hata usiku. Afisa mgeni akae miezi kadhaa kando ya mzoefu kabla hajaachiwa meza peke yake. Na mwombaji anayekataliwa apewe barua fupi inayotaja kilichopungua na pa kukipata, ili bibi wa Kasulu, badala ya kuambiwa "rudi kesho", arudi akiwa na kitu cha kumwonyesha mtendaji wake.