Kalamu Yenye Kuzindua

Bismillahi Rahmani Rahimi.



Kughafilika ni maradhi yasiyo na homa. Aliyeghafilika hajui kwamba ameghafilika; angalijua, angalikwisha zinduka. Ndiyo sababu onyo la jumla mara nyingi halimfikii. Khatibu asemapo, au mwandishi aandikapo, ya kwamba watu wamezembea, kila msikilizaji humtafuta mzembe katika safu iliyo mbele yake. Basi mwandishi atatumia mtindo gani ili mtu ajitazame mwenyewe, tena ajitazame katika siku ya kazi, si siku ya Idi tu?

Maneno ya Mwenyezi Mungu hayapimwi kwa kalamu ya binadamu, lakini waandishi Waislamu wamejifunza humo. Sura ya 107, Al-Maun, ina aya 7 tu. Yaanza na jambo kubwa, yaani kuikadhibisha dini, na yamalizikia kwa al-maun, neno ambalo wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni vyombo vidogo ambavyo jirani humwazima jirani. Dini yote yafikishwa mpaka kwenye chungu na ndoo.

Washairi wa pwani waliifuata njia hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, jina lenye maana ya kufunuka. Mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umetajirika kwa biashara, kisha ukaanguka. Mtu mwenye elimu kama yake angaliweza kuwakemea watu. Hakufanya hivyo, aliusemesha moyo wake mwenyewe. Msomaji huwa kama mpita njia amsikiaye mtu akijisuta chumbani: hakasiriki, kwa kuwa hakuambiwa yeye, lakini afikapo nyumbani maneno yale yamekwisha kuingia naye.

Tena Sayyid Abdalla hakutosheka na kusema kwamba dunia hupita, kwani hilo kila mtu alijua. Alitaja taa iliyo katika upepo, na mazigazi yamdanganyayo mwenye kiu. Alitaja vidaka vya ukutani katika majumba ya wakubwa, jinsi makinda ya ndege walivyolala humo baada ya wenyewe kuondoka. Asomaye hayo huinua macho akatazama ukuta wa nyumba yake. Hapo ndipo kuzinduka huanza.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, naye akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Kwanza amwita asogee karibu na kuleta wino na karatasi. Ndipo amwusie juu ya Mungu na Mtume, ukweli, adabu, na mwenendo wa nyumbani. Wasomaji wa leo hawaafikiani juu ya yote aliyoyasema kuhusu mke na mume. Lakini namna yake ya kusema ina funzo: wasia wake aufananisha na hirizi ya kufungwa na kuvaliwa. Nasaha, kwake, ni kitu cha kwenda nacho mwilini kila siku, si cha kufungiwa sandukuni.

Katika nathari, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Baadaye, tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944. Yeye mwanachuoni wa Kiarabu alichagua makala fupi, kwa Kiswahili cha sokoni na nyumbani, ili asiyeweza kufungua vitabu vikubwa asikose nasaha. Ufupi huo nao ni mtindo, na ni sadaka kwa msomaji.

Urithi huu haukubaki pwani. Kiswahili kilipanda bara pamoja na biashara na Uislamu, na Waislamu wa mitaa kama Buyenzi, mjini Bujumbura, wanaishi nacho mpaka leo. Chama cha Waislamu popote kinapoandika tangazo, kinashika kalamu ile ile. Tangazo moja lasema: "Waislamu wameacha kuwazuru wagonjwa." Watu husoma, hutikisa vichwa, hupita. Jingine lauliza: "Ni mlango upi jirani na kwako ambao haukufunguliwa tangu Ijumaa, na ni nani aliyebisha hodi?" La pili halikumlaumu mtu, lakini kila alisomaye anao mlango anaoujua.

Hata hivyo, njia hii ina hatari yake. Mwandishi akieleza kitu kidogo kwa namna ambayo mtaa mzima wamtambua mwenyewe, hakuzindua, amefedhehesha. Aliyefedheheshwa hufunga mlango, na waliobaki hupata la kucheka, nao hughafilika zaidi ya kwanza. Kadhalika, mwenye kupamba maneno ili asifiwe amemvuta msomaji amtazame yeye, ilhali kazi yake ilikuwa kumrudisha msomaji nyumbani kwake. Kinga ya hatari zote mbili ni ile ya Sayyid Abdalla: kalamu na ianze kwa nafsi ya aishikaye. Neno lililokwisha kumchoma mwandishi halimwumizi msomaji kwa dharau.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee hao, azifungue nyoyo za wasomaji wao, na azijaalie kalamu za jamaa hii ziwe zenye kuzindua. Amin.

Wabillahi tawfiq.