Nyama Ikiondoka, Karanga Zibaki

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole.)

  Kama mama yuko nje anawasha mbabula, mwite aje asikie. Na kama baba ndiye anayeshika pesa ya chakula, mwite yeye kwanza.

Leo tunaongea juu ya kula bila nyama. Katika jamii yetu kuna watu wa namna mbili wasiokula nyama. Wapo walioiacha kwa kupenda: kwa ajili ya imani yao, kama baadhi ya ndugu zetu Wasabato na Marasta, au kwa sababu mganga wa zahanati amewaambia wapunguze kutokana na presha. Halafu kuna wale wengine, ambao ni wengi zaidi. Hao hawakuiacha nyama, nyama ndiyo iliyowaacha. Pesa ya msaada inagawanywa kwa vichwa vya nyumba, unatoa ya unga, unatoa ya makaa, unatoa ya sabuni, na ukifika kwa muuza mbuzi unapita ukimsalimia tu.

Mwili hauulizi ni kwa imani au ni kwa umaskini. Unauliza kitu kimoja: umenipa nini badala yake?

Swali ni hili. Je, mtu anaweza kuishi bila nyama akabaki na nguvu, mama akanyonyesha, mtoto akakua vizuri? Jibu ni ndiyo. Watu wengi sana duniani wanaishi hivyo, kule India kuna mamilioni ambao hawajawahi kuonja nyama. Lakini kuna namna moja ya kula bila nyama ambayo inaangusha watu, na ilitokea katika nchi hii hii tunayoishi, kwa wakimbizi kama sisi.

Turudi nyuma kidogo. Kabla kambi yetu ya Dzaleka haijafunguliwa mwaka 1994, Malawi ilikuwa imepokea wakimbizi wengi kuliko sisi mara nyingi. Walikuwa ndugu zetu wa Msumbiji waliokimbia vita, na idadi yao ilikaribia milioni moja. Wengi waliishi kusini mwa nchi na walitegemea chakula cha msaada: mahindi, maharage, mafuta kidogo, na karanga. Halafu, mwaka 1989, karanga zikaanza kukosekana kwenye mgao. Mahindi yaliendelea kuja, kwa hiyo tumbo lilijaa. Hakuna aliyedhani kwamba kukosa karanga ni jambo kubwa.

Mwaka huohuo ugonjwa ukaanza. Mwaka 1990, kati ya Februari na Oktoba, wakimbizi zaidi ya 18,000 waliandikwa kuwa na ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi ya shingo, ya mikono na ya miguu, pale jua linapopiga, inakuwa nyeusi na ngumu, inapasuka kama imeungua. Baadaye mtu anaharisha. Akiachwa bila matibabu, akili nayo inavurugika: anasahau, analia ovyo, hapati usingizi. Mwisho wake unaweza kuwa kifo. Wanawake waliugua mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Waganga walipochunguza ni nyumba zipi zilizopona, waliona mambo ambayo ningependa kila mama na kila baba wa hapa ayashike. Walioendelea kula karanga kila siku walikingwa. Wenye bustani walikingwa. Na waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani, nao walikingwa. Angalia basi: katika mambo hayo hakuna hata moja linalotaja nyama.

Usiseme hayo ni ya zamani, ya Wamsumbiji. Kati ya mwaka 2015 na 2016 pelagra ilirudi, na safari hii ilikuwa katika wilaya yetu ya Dowa, kwa Wamalawi wenyewe wa eneo la kituo cha afya cha Kasese. Waliougua walikuwa mamia. Hao ni majirani wenye mashamba. Sisi ambao shamba letu ni hatua tatu mbele ya mlango, tuna sababu zaidi ya kusikiliza.

(Muziki mfupi.)

Kwa nini mahindi yanafanya hivyo? Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa ndani ya punje, mwili hauwezi kuifungua vizuri. Watu wa Mexico, ambao ndio walioanza kulima mahindi, wana desturi ya zamani ya kuyachemsha na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo inaifungua ile vitamini. Mahindi yalipopelekwa nchi nyingine, yalikwenda peke yake, desturi ile ikabaki nyuma. Pelagra ikawapata maskini wa Hispania na Italia, na baadaye watu wa kusini mwa Marekani kwa maelfu. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa Kiafrika. Ni ugonjwa wa mtu yeyote anayekula mahindi na karibu mahindi matupu.

Nisemalo leo ni hili: ukilazimika kuchagua, acha nyama kabla hujaacha maharage na karanga. Nyumba nyingi zinafanya kinyume. Wiki tatu wanakula ugali na majani yaliyochemshwa kwa chumvi, wakibana pesa, kisha siku ya kupokea msaada wananunua kilo ya nyama, wanakula siku moja, furaha, na mtaa mzima unasikia harufu. Sikatazi furaha, na mgeni akija ana haki yake. Lakini mwili wa mtoto hauwezi kula Jumamosi moja ukangoja mwezi mzima.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku, yaani kile kinachojenga mwili. Akila ugali wa unga wa mahindi kama gramu 400 kwa siku nzima, anapata zaidi ya gramu 30. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinampa karibu 15. Konzi ya karanga inampa kama 7. Amefika, na hakugusa nyama. Tena mahindi na maharage vinasaidiana: kile ambacho mahindi yamepungukiwa, maharage yanacho. Ndiyo maana wazee wetu wa Kivu, wa Burundi na wa Rwanda hawakuvitenganisha. Ila wewe unayependa bugali wa muhogo, jua kwamba unga wa muhogo hauna protini karibu yoyote. Sahani yako inahitaji maharage zaidi kuliko ya jirani anayekula mahindi.

Kama maharage yamepanda bei, uliza mbaazi, ambazo Wamalawi wanaziita nandolo, au kunde, ambazo ni khobwe. Soya ina protini kuliko zote. Vile vipande vya soya vya pakiti, soya pisi, vinaiva haraka na havidharauliwi isipokuwa na mtu ambaye hajui kuvikaanga na nyanya na kitunguu. Usinunue kwa mazoea. Kila wiki uliza bei ya kopo la kila kimoja, kwa sababu kinachofaa mwezi wa tano baada ya mavuno sicho kinachofaa mwezi wa kwanza.

Najua mama mmoja ananijibu huko aliko: maharage ni bei rahisi, lakini makaa yake je? Ni kweli, maharage yanakula makaa kuliko yanavyokula pesa. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, yachemshe sana mpaka yaive kabisa, ndipo utie chumvi na nyanya. Yataiva mapema zaidi na tumbo halitajaa hewa. Majirani wawili au watatu wakipika chungu kimoja kwa mbabula moja, kisha kila mmoja akaunga yake nyumbani, makaa yanagawanyika. Lakini msiyatoe yakiwa nusu mabichi kwa kubana makaa, maana maharage mekundu yasiyoiva yanatapisha.

Karanga zina rafiki mbaya anayeitwa sumukuvu. Karanga zilizooza, zilizokunjamana au zenye ukungu zina sumu hiyo, na moto hauiui. Usikubali kuuziwa karanga zilizokwisha kusagwa ambazo hujui zilitoka wapi. Nunua nzima, zichague kwa mkono, kisha twanga mwenyewe. Unga wake, ambao hapa unaitwa nsinjiro, utie kwenye lengalenga, kwenye majani ya maboga, kwenye sombe. Mafuta ya karanga yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye majani. Aliyezoea mawese anajua ladha nyingine, lakini mawese yanatoka mbali na bei yake inajulikana.

Juu ya unga: wengi wetu tunapenda ugali mweupe, kwa kuwa ndio ugali wa heshima. Ukienda kwenye chigayo na mahindi yako, saga bila kukoboa, upate mgaiwa. Vitamini nyingi za mahindi zimekaa kwenye ganda na kwenye kiini, na ndivyo vinavyotupwa unga unapofanywa mweupe. Mgaiwa pia unabaki mwingi kuliko mweupe kutoka debe lilelile. Watoto watalalamika siku mbili.

Majani ya kijani ndiyo yanayotupa madini ya chuma ya kuongeza damu, pamoja na maharage. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula nyanya, embe au pera pamoja na chakula. Na chai, jamani, chai isinywewe juu ya chakula. Ngoja saa nzima, maana inakizuia kile chuma. Mama mjamzito hata akila majani ya kutosha, vidonge vya damu anavyopewa kliniki asiviache. Wakati wa mvua majani ni mengi, kwa hiyo chemsha kidogo, anika kivulini, weka akiba kama Wamalawi wanavyoweka mfutso. Gunia moja la udongo lililotobolewa pembeni linaotesha majani ya nyumba, na maji yaliyooshea mboga yanalitosha.

(Muziki mfupi.)

Sasa kuna kitu kimoja ambacho majani hayana, nacho ni vitamini B12. Inatoka kwa wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Nasikia watu sokoni wakiuza unga wa moringa na kusema una kila kitu. Moringa ni jani zuri, lakini B12 haimo. Mtu mzima anayeacha nyama leo anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuona kitu, kwa sababu ini lina akiba. Mtoto mchanga hana akiba hiyo. Mama asiyekula kabisa chakula cha wanyama, na maziwa yake ya kunyonyesha yanapungukiwa, na ubongo wa mtoto unaweza kuumia kabla watu hawajashtuka.

Kwa hiyo, kama hukuacha nyama kwa imani, weka usipa. Konzi ndogo ya usipa, au ndagala kama tunavyosema wengine, ikiliwa na mifupa yake kwenye sufuria ya majani, inafanya kazi ambayo ungeilipia ghali kwa muuza nyama. Twanga hao samaki uwatie kwenye uji wa mtoto aliyefikisha miezi sita. Kama huli samaki, weka yai au maziwa. Na kama imani yako inakataza vyote, hakuna ubaya, lakini mwambie mganga wa zahanati waziwazi ili upate vidonge vya B12, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Uji wa unga wa lishe wanaopewa watoto na wajawazito kliniki umeongezewa vitamini hiyo. Usiuzwe sokoni, tafadhali.

Mwisho, tazama ngozi za watu wa nyumba yako. Ukiona weusi mgumu unaozunguka shingo kama mkufu, au mikono yote miwili imebadilika sawasawa mpaka pale nguo inapoishia, ulimi mwekundu unaouma, na kuharisha kusikoisha, usipake mafuta ukangoja, na usitafute nani amemloga. Nenda kituo cha afya, na umwambie mganga mnakula nini, siku kwa siku, hata kama ni aibu kusema ni ugali na chumvi. Dawa yake ni vidonge vya vitamini, na ngozi inaanza kupona baada ya wiki chache. Mtazame zaidi mama wa nyumba, kwa sababu ndiye anayejipakulia wa mwisho, na mara nyingi karanga zinakuwa zimeshakwisha.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutaongea juu ya maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)