Redio ya mawimbi mafupi: tuihoji namba kabla ya kuiandika

Ifuatayo ni sehemu kubwa ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa serikali.



Nimeombwa niseme juu ya redio. Najua wamo humu wanaojiuliza mawimbi mafupi yana kazi gani leo, ilhali kila mtu ana simu mfukoni. Swali hilo ni la haki. Zamani jibu lake lilikuwa jepesi: kwa mawimbi hayo Redio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji na wa Afrika Kusini nafasi ya kusema na ndugu zao kutoka Dar es Salaam, na sauti hiyo ilivuka mpaka bila kuomba ruhusa ya mkoloni. Leo sikuja kusema juu ya matangazo. Nimekuja kusema juu ya upimaji, kwa maana redio ya mawimbi mafupi ni chombo cha kupimia anga, na kuna siku moja ambayo haitatungoja.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Kivuli kamili cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, kitaambaa Afrika ya Kaskazini hadi Misri, kisha kitavuka Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor, huko Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Hapa kwetu jua litamegwa kwa sehemu tu, na wengi watatazama kidogo kisha warudi kazini. Lakini chukueni ramani, mchore mstari kutoka Moscow hadi Dar es Salaam. Una urefu wa karibu kilomita 7,000, na unashuka takriban wima: Bahari Nyeusi, Uturuki, Saudi Arabia, Bahari ya Shamu, Ethiopia, Kenya, nyumbani. Unapita jirani na Jeddah, na Jeddah utakuwa ndani ya kivuli kamili.

Huko Moscow kuna kituo kiitwacho RWM. Hakisomi habari wala hakipigi muziki. Kazi yake ni kutuma alama za saa na wimbi lenye masafa sanifu katika megahezi 4.996, 9.996 na 14.996. Wimbi hilo hutufikia kwa kudundadunda kati ya ardhi na ayonosfia, yaani lile tabaka la juu la hewa ambalo miale ya jua hulijaza chembe zenye umeme. Jua likifunikwa chembe hupungua, mahali wimbi linapodundia hupanda juu, na njia ya wimbi hurefuka. Wakati njia inaendelea kurefuka, masafa tunayoyapokea hushuka kidogo. Jua likirudi, hupanda. Ndiyo kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, ile ile inayobadilisha mlio wa honi ya gari linapotupita barabarani. Mwaka 2020, kundi la wanasayansi na wapenzi wa redio liitwalo HamSCI, lililoanzia Marekani, liliwaomba wasikilizaji warekodi mawimbi ya vituo vya saa wakati jua lilipopatwa tarehe 21 Juni na tena tarehe 14 Desemba. Kivuli cha Juni kilianzia hapo jirani, Kongo, kikapita Sudan Kusini na Ethiopia.

Basi mwenye redio karibu na Ikweta, kwenye mstari kama huu wetu, ana nafasi ambayo mtu wa Ulaya mwenye chombo cha bei kubwa hana. Swali ni kama kipimo tutakachokitoa kitaaminika.

Niseme kwanza juu ya chombo chenyewe. Redio ya zamani ilifanya kila kazi kwa vifaa: koili, kapasita, vali au transista. Redio ya siku hizi, inayoendeshwa na programu, hulipokea wimbi la antena, ikalikata vipande mamilioni kwa sekunde, ikakipa kila kipande namba, na kazi iliyobaki hufanywa na kompyuta. Kuna iliyo ndogo kama kidole gumba, ya biti 8, na kuna kubwa kidogo, mathalani ile iitwayo KiwiSDR, ya biti 14, isikiayo tangu sifuri hadi megahezi 30 kwa mara moja na kujirekebisha kwa setilaiti za GPS. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ambazo chombo chaweza kuzibeba pamoja. Biti 8 ni desibeli 50 hivi. Biti 14 ni karibu 86. Uzuri wa vyombo hivi ni kwamba huonyesha namba nyingi sana katika kioo. Ubaya wake ni huo huo. Namba yenye tarakimu tatu baada ya nukta humfanya msomi apige saluti kabla ya kuuliza imetoka wapi.

Mimi mwenyewe nilipiga saluti hiyo. Niliweka redio yangu karibu na dirisha, chini ya bati, nikalifuata wimbi la megahezi 14.996 mchana kutwa. Kuanzia asubuhi hadi saa tisa lilihama zaidi ya hezi 7. Nilifurahi, hata nikaanza kuandika makala. Kumbe nilichokipima ni joto la bati. Ndani ya kila redio kuna fuwele inayotoa mapigo ya saa, na fuwele ikipata joto mapigo yake huhama. Kuhama kwa sehemu nusu tu katika milioni, kwa megahezi 15, ni hezi 7.5. Mabadiliko tunayoyatafuta siku ya kupatwa kwa jua huenda yasifike hata hezi 1. Anayetaka kuona sehemu ya kumi ya hezi katika megahezi 15 anahitaji saa isiyokosea zaidi ya sehemu 7 katika bilioni. Fuwele peke yake haifiki huko. Dawa ni kuifunga kwa mapigo ya GPS. Na asiyeweza kuyapata walau aiweke redio ndani ya sanduku lililosheheni sufi, aiwashe saa kadhaa kabla, na aandike joto kila nusu saa, ili mwenye kusoma matokeo ajue ni kipi cha anga na ni kipi cha bati.

Kuna mtego mwingine ambao hautangazwi na wauzaji. Baadhi ya vile vidude vidogo, vikiunganishwa moja kwa moja na antena ya mawimbi mafupi, hukata wimbi mara milioni 28.8 kwa sekunde. Kwa kanuni ya ukataji, nusu yake, yaani megahezi 14.4, ndiyo mwisho wa kuona bila utata. Zaidi ya hapo chombo ni kama kioo cha kujitazamia: kilicho juu ya 14.4 na kilicho chini yake kwa umbali ule ule huonekana pamoja, kimoja kikiwa kimegeuzwa, kushoto kulia. Fanyeni hesabu kwa kituo chetu. Megahezi 14.996 inakutana na 13.804, na 13.804 imo katika mkanda wa mita 22, mtaa wa watangazaji wenye nguvu. Mwanafunzi asiyejua aweza kulifuata wimbi la mtangazaji akidhani ni Moscow, na tena limegeuzwa, kupanda likiwa kushuka. Kichujio kidogo kabla ya redio, kinachopitisha yaliyo juu ya 14.4 na kuzuia yaliyo chini, kinamaliza jambo hilo. Chaweza kutengenezwa kwa koili na kapasita chache katika karakana ya shule.

Sasa nije kwenye kelele, ambako ndiko tunakopoteza zaidi. Mgeni wa fani hii hudhani redio isiposikia vizuri yahitaji kikuza-sauti. Aghalabu inahitaji kinyume chake. Jaribio lake ni dogo: chomoeni antena. Ikiwa kelele katika kioo inashuka kwa desibeli kadhaa, basi redio yenu tayari inasikia kelele ya nje, na kuongeza nguvu ndani yake ni kuipa kelele kipaza sauti. Kelele hiyo ya nje si ya mbinguni yote. Taa hizi za kubana matumizi, chaja za simu, vigeuzi vya umeme wa jua, runinga ya jirani, vyote hivyo hutema mvurugo katika mawimbi mafupi. Umeme ukikatika kata nzima, wakati majirani wanalalamika, mimi huwahi kwenye redio inayotumia betri. Nimesikia vituo usiku huo ambavyo sikuvijua kuwapo!

Lakini hatuwezi kupanga sayansi kwa kukatika umeme. Antena iwekwe mbali na nyumba, mita 20 au 30 pakiwezekana. Ya duara inayogeuzwa ina faida kwamba huwa kiziwi upande fulani, na upande huo tunauelekeza kwa mkorofi. Waya unaoleta mawimbi ndani uzungushwe mara kadhaa katika pete ya feriti, kwa sababu ngozi ya nje ya waya huo ndiyo njia ambayo kelele ya nyumba hupanda nayo hadi kwenye antena. Waya wa kompyuta nao ufanyiwe vivyo hivyo. Na redio ile betri.

Upo pia ugonjwa wa kuzidiwa. Usiku watangazaji wakubwa hujaa, na redio ya biti 8 ikishiba huanza kuzua vituo visivyokuwapo. Wekeni kipunguzi cha desibeli 10 kati ya antena na redio. Kituo cha kweli kitashuka kwa 10. Kikishuka kwa 30, hicho ni mzuka uliozaliwa ndani ya redio kwa mchanganyiko wa vituo vingine. Sijui jaribio jingine la bei ndogo linalofundisha kiasi hiki.

Neno moja kwa watumishi wenzangu, maana naona wengine wanatazama saa. Yapo malalamiko yanayoandikwa kwamba mtambo fulani unavuruga mawasiliano, yakiambatishwa picha ya kioo cha redio. Picha hiyo haisemi kitu. Programu nyingi huonyesha desibeli zinazohesabiwa kutoka kikomo cha chombo chenyewe. Ukibadili nguvu ya ukuzaji, namba yote inahama. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa mawimbi haya ni kwamba alama S9 ni mikrovolti 50 katika omu 50, na kila alama ni desibeli 6. Bila kuilinganisha redio na wimbi lenye nguvu inayojulikana, bila kuzima urekebishaji wa ukuzaji unaojiendesha wenyewe, na bila kutaja upana wa mkanda uliopimwa, barua haina uzito. Kelele ile ile ikipimwa katika hezi 2,400 badala ya 500 huonekana kubwa zaidi kwa desibeli karibu 7, na mtambo unaoshtakiwa haujafanya lolote.

Ndugu Mwenyekiti, juu ya matayarisho. RWM hutuma wimbi tupu kwa takriban dakika 8 mwanzoni mwa kila saa, na tena ifikapo nusu saa. Katikati kuna mapigo ambayo ni magumu zaidi kuyafuata. Kivuli kitafika katika mstari wetu baada ya saa saba mchana, na hakitaangalia ratiba ya Moscow, kwa hiyo lazima tujifunze kusoma na mapigo pia. Mazoezi tunayo kila siku bila malipo, kwa sababu kila jioni jua linapotua tabaka hupanda na masafa hushuka, na kila asubuhi hurudi. Napendekeza tuanze na 9.996, kuanzia saa kumi na mbili kamili jioni, kila shule na daftari lake: joto, upana wa mkanda, kiwango cha ukuzaji, kipunguzi kimewekwa au la. Betri mbili zimekwisha kupatikana. Pete za feriti zipo sita, na nimezileta hapa mezani. Kinachokosekana ni mapigo ya GPS kwa shule ya pili, na juu ya hilo ningependa kuwasikia ninyi.