Shuka Mtoni Kwanza

Masomo: Mathayo 5:23-24 na Wafilipi 2:5-8

Kaeni nami dakika chache tulitafakari Neno la Mungu pamoja.

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi nje ya kanisa letu, katika sehemu za Gatanga, Murang'a, vijana sita wakasimama langoni. Walikuwa na baiskeli zile nyembamba za mashindano, nao wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana mwili. Waliomba maji ya kunywa. Walikuwa wametoka Thika alfajiri, na shabaha yao ilikuwa bwawa la Ndakaini. Vijana kama hao hupita kwetu mara kwa mara, maana barabara za huku zina sifa kwa waendesha baiskeli: hewa ni safi, magari si mengi kama mjini, na vilima havina mwisho.

Mmoja wao alipokwisha kunywa, alinyosha kidole akaonyesha mgongo wa pili, ng'ambo ya bonde. Akaniuliza, "Mzee, tungependa kurudi kwa kupitia upande ule. Kuna njia ya kufika pale bila kuteremka mpaka chini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Kijana wangu, hakuna. Ukiutaka mgongo ule, shuka mtoni kwanza."

Wakashukuru, wakaenda zao. Lakini maneno hayo niliyomwambia yule kijana yalibaki kinywani mwangu, maana miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilikataa kuyatii.

Ninyi msiofika kwetu, hebu niwaeleze jinsi nchi ilivyo. Mito yetu hutoka katika milima ya Nyandarua, nayo huteremka kuelekea mashariki. Kuna Chania, kuna Kimakia, kuna Kiama, kuna mto Thika wenyewe. Kila mto umechimba bonde lake, na kati ya bonde na bonde umebaki mgongo mrefu wa nchi. Watu wamejenga juu ya migongo hiyo tangu zamani za mababu. Ukifuata mgongo mmoja kutoka Thika, unapanda polepole. Kwanza unapita kwenye kahawa, halafu chai, na mwishowe unafika ukingo wa msitu. Mji wa Thika uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ndakaini iko zaidi ya mita 2,000. Ni kazi, lakini mwenye miguu na subira atafika.

Kuvuka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine ni jambo jingine kabisa. Unaweza kuona moshi wa jiko la jirani yako ng'ambo, hata kusikia jogoo wake akiwika, na bado kumfikia kukakuchukua saa nzima. Unateremka kwa kona nyingi mpaka darajani, kisha unaupanda mlima wote wa upande wa pili.

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa kanisa katika migongo ile, na gari langu lilikuwa baiskeli nyeusi, ile ambayo watu huiita Black Mamba. Haikuwa na gia. Breki zake zilikuwa za vyuma, na mvua iliponyesha, rimu ikilowa, ulibana breki na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba haikusikia. Baiskeli ile ilinifundisha mambo mengi. Ilinifundisha kwamba katika mteremko hufai kubana breki kwa woga kutoka juu mpaka chini, wala kuziachia kwa kiburi. Unabana, unaachia kidogo, unabana tena. Ilinifundisha kwamba katika kupanda hufai kutazama kilele, maana utakata tamaa. Tazama hatua chache mbele ya gurudumu, na kanyaga.

Tena ilinifundisha jambo moja lililo kubwa kuliko hayo. Kijana mgeni hufikiri kwamba akiteremka kwa kasi sana, kasi hiyo itamrusha mpaka juu ya mlima wa pili. Lakini kule kwetu daraja ni jembamba, na mara nyingi kabla yake pana kona kali yenye kokoto. Lazima upunguze mwendo. Unafika chini kabisa huna kasi yoyote, na mlima wote uko mbele yako. Yaani, huwezi kushuka kwa ujanja, ukiwa tayari umekwisha kupiga hesabu ya jinsi utakavyopanda.

Sasa nisikilizeni vizuri, wapenzi, kwa kuwa hapa naungama.

Baba yetu alipofariki alituacha mimi na ndugu yangu mdogo. Mimi nilibaki kwenye mgongo wa nyumbani. Yeye alikuwa amejenga ng'ambo, kwa upande wa shamba alilonunua mwenyewe. Chai ya baba iliendelea kuchumwa kwa namba yake ya zamani, na malipo yakipitia mikononi mwangu, kwa vile mimi ni mkubwa. Mwaka mmoja bonasi ilikuwa nzuri. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na deni la karo. Nikaichukua bonasi yote nikalipa karo. Nilijiambia nitamweleza ndugu yangu baadaye. Sikumweleza. Alipokuja kuuliza, nilimjibu kwa ukali, kama mtu ajuaye kwamba ana makosa. Aliondoka bila kunywa chai, na hatukusemezana tena kwa miaka tisa.

Katika miaka hiyo tisa nilihubiri katika makanisa ya migongo mitatu. Mgongo wake sikuukanyaga. Nilipopangiwa zamu kule nilitafuta mtu wa kubadilishana naye. Nilisema baiskeli ina shida, nilisema magoti yananiuma. Nilipenda kufuata mgongo wangu tu, nikipanda na kuteremka kati ya watu walioniita mtumishi wa Mungu.

Ni katika miaka hiyohiyo bwawa la Ndakaini lilipojengwa. Lilikamilika mwaka 1994. Ukuta wake wa udongo una kimo cha zaidi ya mita 60, na bwawa likijaa hushika maji kiasi cha mita za ujazo milioni 70, ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Mwaka uliofuata nilikwenda kulitazama pamoja na wazee wa kanisa. Tulieleza wenzetu kwa mshangao jinsi maji yale yanavyokwenda Nairobi: mafundi wametoboa tunneli chini ya migongo, na maji hupita gizani mpaka upande wa mto Chania, kisha hutelemka mpaka Ng'ethu kusafishwa. Hayasukumwi kupanda. Yanakubali kwenda chini tu, na kwa kwenda chini yanafikia mamilioni ya watu.

Mzee mmoja, mtu wa maneno machache, alitazama bwawa, halafu akanitazama mimi. Akasema, "Mwinjilisti, maji yamepata njia ya kupita mgongo hata mgongo." Hakuongeza neno. Lakini nilijua anasema nini, naye alijua kwamba nimejua.

Jumapili iliyofuata nilitakiwa kuhubiri kutoka Mathayo, sura ya 5. Ninyi mnaifahamu sehemu ile. Bwana Yesu anafundisha kwamba mtu akiwa na sadaka yake mbele ya madhabahu, na hapo akumbuke kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane na nduguye. Angalieni, wapenzi: Bwana hasemi kuhusu mimi nikiwa na neno juu ya ndugu yangu. Anasema yeye akiwa na neno juu yangu. Tena hasemi nimngoje aje. Nilimwomba mwenzangu ahubiri siku ile. Jumatatu asubuhi nikaitoa baiskeli.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Niliteremka nusu ya njia nikiwa nimeikalia, na nusu nikiisukuma, kwa kuwa breki zilikataa. Pale darajani nilisimama kwa muda mrefu. Niliwaza: nikirudi sasa, nani atajua? Mara akaja msichana wa kama miaka minane, na mtungi wa maji. Sura yake ilikuwa sura ya mama yangu mzazi. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza natafuta kwa nani. Nikamtajia jina la baba yake. Nikamwambia, "Mimi ni baba yako mkubwa."

Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Lakini baba hana ndugu."

Wapenzi wasikilizaji, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, lakini hakuna lililonipiga kama lile. Mtoto yule alizaliwa na kukua ng'ambo ya bonde moja tu, akiuona moshi wa nyumba yangu kila jioni, na hakujua mimi ni nani.

Tulipanda mlima pamoja, nikiwa nimempakilia mtungi wake kwenye baiskeli, naye akisukuma kutoka nyuma. Ndugu yangu alikuwa uani akipasua kuni. Nilimwambia pale pale, nikiwa bado nimeshika usukani, kwamba nilimdhulumu na ya kwamba nimekuja kuomba msamaha na kulipa. Hakujibu. Alipasua kuni mbili tatu. Kisha akatazama mawingu, akasema, "Mvua inarudi. Ingiza baiskeli ndani."

Hatukukumbatiana siku ile. Nililipa deni kwa bonasi tatu zilizofuata, na ilichukua muda zaidi kabla hatujaweza kucheka pamoja. Kupanda ni polepole, nawaambia kweli. Lakini watoto wake sasa wananijua, na wangu wanamjua yeye.

Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wafilipi, anatuonyesha ni nani aliyetutangulia katika njia hii. Kristo alikuwa juu kuliko wote, wala hakuishikilia heshima yake. Alishuka akawa mtumwa, akashuka zaidi akawa mwanadamu mtii, akashuka mpaka chini kabisa, katika mauti ya msalaba. Hakuna bonde utakaloteremkia ambalo yeye hajalifikia. Ukifika darajani bila kasi yoyote, na aibu imekujaa, utamkuta hapo.

Ndugu msikilizaji, ni moshi wa nani unaouona ng'ambo kila jioni? Pengine ni ndugu yako, au mama mkwe, au mzee mwenzako wa kanisa. Usingoje bonde lijazwe. Usingoje barabara iliyonyooka. Vijana wale wa baiskeli waliitafuta, nami niliwaambia ukweli, haipo. Shuka mtoni kwanza. Kupanda utasaidiwa, labda na mtoto aliyebeba mtungi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeshuka kwa ajili yetu, utusamehe sisi tunaopenda kukaa juu ya migongo yetu. Utupe moyo wa kuteremka leo, kabla jua halijatua. Uwe pamoja na kila mtu aliye njiani kwenda kwa nduguye, na umlainishe yule anayengojewa. Kwa jina lako takatifu tunaomba. Amina.